Kusomeana na Ustahimilivu: Usomaji wa Pamoja Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa



1. Utangulizi

Kitenzi *soma* ni miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili vyenye uzao mkubwa. Kwa maana yake ya kwanza, kusoma ni kuyatazama maandishi na kuyaelewa. Lakini mtu anayesema kwamba mwanawe ‘anasoma Songea’ hana maana kwamba mtoto huyo ameshika kitabu wakati huo. Maana yake ni kwamba yuko shuleni huko. Na watu wanaokusanyika kusoma dua au maulidi huweza kuwa hawana karatasi yoyote mbele yao. Kutokana na mzizi huohuo tumepata *somo, kisomo, msomi, msomaji* na *usomaji*. Katika mwambao wa Bahari ya Hindi neno *somo* lina maana nyingine pia: ni rafiki wa karibu, au mtu mwenye jina sawa na la mwingine, au mwanamke anayemfunda mwari. Mafunzo na udugu vimekaa ndani ya neno moja.

Unyambuaji wa kitenzi hiki unafundisha zaidi. Kauli ya kutendea, *somea*, humleta mtu wa pili: ‘nisomee barua hii’. Kauli ya kusababisha, *somesha*, huleta gharama: mkulima ‘anasomesha watoto watatu’, yaani anawalipia. Na vinyambuo vya kutendea na kutendana vikiambatana, tunapata *someana*: watu kusomewa na kusoma kwa zamu, kila mmoja kwa ajili ya mwenzake. Neno hili halitajwi mara nyingi, lakini linalolitaja limekuwapo kwa muda mrefu.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika bara la Afrika Mashariki, hasa maeneo yaliyo mbali na pwani, Kiswahili cha maandishi kilienea kwa kusomeana kuliko kwa mtu kusoma peke yake. Na kwamba ustahimilivu wa msomaji mmoja mmoja, ambao husifiwa kana kwamba ni tunu ya mtu binafsi, mara nyingi ulisimama juu ya mgongo wa kundi lililomsikiliza. Eneo lililochaguliwa kuwa mfano ni Mbinga pamoja na mwambao wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma.

2. Mahali na lugha zake

Wilaya ya Mbinga ilimegwa kutoka Songea katika miaka ya 1970, na mwaka 2012 sehemu yake ya ziwani ikawa Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay. Nyanda za juu, ambako mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ni nchi ya Wamatengo, ya kahawa, mahindi na maharage. Kutoka huko ardhi inateremka kwa kasi hadi ziwani, chini ya mita 500, ambako watu wa Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na vijiji vya jirani huishi kwa muhogo, mpunga na uvuvi, hasa wa usipa.

Kwa mwanaisimu, eneo hili ni dogo kwa ramani lakini pana kwa lugha. Kimatengo, Kimpoto, Kimanda na Kingoni zimewekwa na Guthrie katika kundi moja, N10, nacho Kinyanja kinasikika ziwani kutokana na mawasiliano ya siku nyingi na kisiwa cha Likoma na ng’ambo ya Malawi. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati ya wenyeji hawa. Kilikuja na misafara ya biashara, kikaja na utawala wa Wajerumani, kikaja na shule. Kwa hiyo mtu wa Litembo au wa Liuli aliyejifunza kusoma Kiswahili alikuwa na mizigo miwili kwa wakati mmoja: kuzijua herufi, na kuijua lugha iliyoandikwa kwa herufi hizo. Jambo hili husahauliwa mno na wale waliozaliwa ndani ya Kiswahili.

Wamatengo walikuwa na taasisi mbili zinazohusu mada hii. Ya kwanza ni *sengu*. Hapo wanaukoo walikula pamoja, wazee wakaamua mashauri, na vijana wakafunzwa kwa kusikiliza. Ya pili ni *ngolo*, kilimo cha mashimo kwenye miteremko mikali: nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo hufukuliwa katikati na kufunika nyasi zile, na mashimo yanayobaki huyazuia maji ya mvua yasiubebe udongo. Shamba la ngolo halitengenezwi kwa siku moja, na mara nyingi halitengenezwi na mtu mmoja. Majirani husaidiana kwa zamu, utaratibu unaoitwa *ngokela*. Zamu na sengu ndivyo vilivyokuwapo kabla ya kitabu, na kitabu kilipofika kilivikuta.

3. Kitabu kilichokuja kwa maji na kilichokuja kwa nchi kavu

Maandishi yaliingia eneo hili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ziwa. Wamisionari Waanglikana wa UMCA, ambao walikuwa na kituo Unguja, walifanya Likoma kuwa makao yao ya ziwani kuanzia mwaka 1885. Mmoja wao, William Percival Johnson, alikuwa amefika Unguja mwaka 1876, wakati Askofu Edward Steere, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha sarufi ya Kiswahili, alipokuwa akiongoza kazi huko. Johnson aliishi kando ya ziwa hadi alipofariki Liuli mwaka 1928, na huko ndiko alikozikwa. Katika miaka ya 1880 maradhi ya macho yalimpofusha jicho moja na kulidhoofisha la pili. Hata hivyo, baada ya hapo ndipo alipoifanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia katika Kinyanja cha ziwani.

Habari hii husimuliwa kama kisa cha ushujaa wa mtu mmoja, na ushujaa huo haukanushiki. Lakini anayejua kazi ya tafsiri anajua kwamba haikamiliki bila masikio ya wenye lugha. Sentensi husomwa kwa sauti, mwenyeji huikataa, husomwa tena kwa namna nyingine, hadi atakapotikisa kichwa kwa kukubali. Kwa mtu ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, masikio hayo yalikuwa ya lazima maradufu. Historia imelihifadhi jina la mfasiri. Majina mengi ya waliomsikiliza haikuyahifadhi.

Meli ya *Chauncy Maples* ni ushahidi mwingine. Ilipewa jina la askofu aliyezama ziwani mwaka 1895, ikaundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande na kusafirishwa hadi ziwani. Bira lake la mvuke, lenye uzito wa tani 11, lilikokotwa barabarani na mamia ya Wangoni. Iliposhushwa majini mwaka 1901, ilikuwa kanisa, zahanati, na pia chuo cha walimu. Walimu wa vijiji vya mwambao walifundishwa humo, wakarudi kwao na vitabu vichache, na kila kitabu kikawa cha kijiji kizima. Hapakuwa na namna nyingine ya kukitumia isipokuwa mmoja asome na wengine wafuatishe.

Njia ya pili ilikuwa nchi kavu. Wabenediktini walijenga Peramiho mwaka 1898, na kutoka huko wakaenea Umatengo, ikiwamo Litembo. Wao walikuwa chini ya serikali ya Wajerumani, iliyokitumia Kiswahili katika utawala na shule, na baadaye chapa ya Peramiho ikawa chemchemi ya vitabu vya Kiswahili kusini mwa nchi. Hivyo kwa miongo kadhaa mwambao ulisali kwa vitabu vya Kinyanja huku ukiandikiana na serikali kwa Kiswahili, ilhali milimani Kiswahili kilishika nafasi ya kitabu mapema zaidi. Mwaka 1952 Waanglikana walipounda Dayosisi ya Kusini Magharibi ya Tanganyika, upande wa Tanganyika ulitengwa kidini na Likoma, na mizani ikazidi kuelemea Kiswahili. Mpaka wa lugha ya kusoma ulihamishwa na mpaka wa utawala.

4. Msomaji mmoja, masikio mengi

Mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianzisha gazeti la *Mambo Leo*. Umuhimu wake katika historia ya Kiswahili sanifu unafahamika: lilitangulia uamuzi wa mwaka 1928 wa kuichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa usanifishaji, na lilitangulia Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Kinachosahauliwa ni jinsi lilivyosomwa. Nakala moja ya gazeti la aina hii haikuwa na msomaji mmoja. Ilipita mkono kwa mkono, mwalimu au karani aliisoma kwa sauti barazani, na waliosikiliza walijadili, walicheka, waliomba irudiwe. Kwa hiyo idadi ya nakala zilizochapwa haiwezi kutumiwa peke yake kukadiria idadi ya watu ambao Kiswahili sanifu kiliwafikia.

Maandishi mengine yalikuwa na uzito wa maisha moja kwa moja. Wanaume wengi wa kusini, wa milimani na wa ziwani, walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakiwa manamba. Mawasiliano yao na nyumbani yalikuwa barua. Mke aliyebaki kijijini, kama hakujua kusoma, alilazimika kumtafuta wa kumsomea. Na siri ya nyumba yake ikawa siri ya watu wawili, kisha ya watatu. Hapo ndipo upande wa pili wa kauli ya kutendea unapojitokeza. Anayesomewa hupata habari, lakini hupoteza faragha, tena yuko katika huruma ya msomaji. Msomaji akiruka mstari, yeye hajui.

Vivyo hivyo katika biashara ya mazao. Ushirika wa NGOMAT, uliowaunganisha Wangoni na Wamatengo, ulianzishwa mwaka 1936. Tumbaku na kahawa vilipimwa, hesabu ikaandikwa, stakabadhi ikatolewa. Mkulima aliyebeba kahawa kichwani kutoka mlimani hadi mizanini, kisha akapewa karatasi asiyoweza kuisoma, alikuwa amefanya kazi ya mwaka mzima na kuukabidhi mwisho wake kwa macho ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo, kahawa ya Mbinga na shule za Mbinga haziwezi kutenganishwa. Fedha ya kahawa ilisomesha, kwa maana kamili ya neno hilo. Na aliyesomeshwa alitarajiwa kurudi kusoma stakabadhi ya baba yake.

Kusomeana, basi, si jambo la kusifiwa tu. Ni daraja, na daraja linaweza kuwa na mtoza ushuru. Swali ni je, anayesomewa anabaki upande uleule siku zote, au ipo siku atavuka?

5. Kisomo

Baada ya uhuru, swali hilo lilijibiwa kitaifa. Mwaka 1967 takriban asilimia 67 ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na TANU ikaazimia ujinga huo ufutwe kufikia mwisho wa 1975. Upimaji wa kitaifa ulionyesha kiwango kikishuka: asilimia 39 mwaka 1975, 27 mwaka 1977, 21 mwaka 1981, 15 mwaka 1983, na 9.6 mwaka 1986.

Wahakiki wameyahoji mambo mawili kuhusu takwimu hizi, na ni haki yao. Kwanza, kufaulu mtihani wa kisomo hakukuwa sawa na kuwa msomaji wa kudumu. Pili, mahali pengine watu walihudhuria kwa kuhofia viongozi. Lakini ukosoaji huo hauelezi kwa nini waliohudhuria walidumu. Madarasa yaliendeshwa alasiri, baada ya kazi za shamba, chini ya mti au katika jengo la shule ya watoto. Walimu wengi walikuwa wa kujitolea, baadhi yao vijana waliomaliza darasa la saba, na wanafunzi wao walikuwa na umri wa wazazi wao. Mtu mzima kukaa kwenye dawati la mtoto na kukosea mbele ya kijana aliyemwona akizaliwa kunahitaji ujasiri ambao mtihani haupimi. Aibu hiyo haivumiliki ukiwa peke yako. Inavumilika pale ambapo jirani naye anakosea, na kesho yake anapatia.

Mfano bora wa kusomeana uliopangwa kitaifa ni vikundi vya redio. Kampeni ya *Mtu ni Afya* ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili kwa majuma kumi na mawili. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: kikundi kilikusanyika kusikiliza kipindi cha Radio Tanzania, sehemu ya kitabu ikasomwa kwa sauti, wanakikundi wakajadili, kisha wakaamua la kufanya katika kijiji chao, kama vile kuchimba vyoo au kusafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata *Chakula ni Uhai*. Kwa mtazamo wa isimujamii, kampeni hizi zilifanya jambo ambalo kamusi haiwezi: ziliyatia maneno ya afya na lishe ya Kiswahili sanifu katika vinywa vya watu ambao nyumbani walisema lugha nyingine, tena wakiwa katika mjadala, si katika kukariri. Neno lililobishaniwa halisahauliki upesi.

Mwenye kuijua sengu anatambua muundo huu. Watu wameketi pamoja, kuna anayesema na kuna wanaosikiliza, kuna shauri na kuna uamuzi. Kilichoongezeka ni redio na kitabu.

6. Ustahimilivu na mipaka yake

Kiswahili kina msamiati tajiri wa tabia hii. *Subira* ni kungoja bila kulalamika. *Uvumilivu* ni kubeba kinachouma. *Ustahimilivu* ni kudumu katika jambo licha ya kinachouma. Wahamasishaji wa leo huyachanganya maneno haya, kisha humshauri kijana asome kwa bidii usiku na mchana, kana kwamba kinachokosekana ni bidii yake tu. Methali ya kwamba mvumilivu hula mbivu ni ya kweli, lakini inadhani kwamba mti upo.

Historia ya Ruvuma yenyewe inatoa tahadhari. Mwaka 1960 vijana wa TANU walianzisha makazi ya Litowa, wilayani Songea. Jaribio la kwanza lilishindikana; wakarudi tena. Wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walijenga kijiji cha kazi za pamoja chenye shule yake, na vijiji vingine vikajiunga hadi kuundwa kwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Nyerere aliwasifu. Shule ya Litowa ilikuwa ikiunganisha masomo na kazi za kijiji hata kabla ya waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967. Hata hivyo, mwaka 1969 chama hicho kilivunjwa kwa uamuzi wa TANU. Watu wake hawakupungukiwa ustahimilivu. Walichopungukiwa ni mamlaka juu ya kile walichokijenga.

Kisomo nacho kilipata pigo lake. Uchumi ulipodorora katika miaka ya 1980, karatasi ikaadimika, vitabu vya kuendelezea kisomo havikufika, posho za walimu zikakatika. Biashara ya kahawa ilipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na vyama vya ushirika kuyumba, fedha ya kusomesha nayo ikayumba. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta karibu watu wazima watatu kati ya kumi hawajui kusoma. Baadhi walikuwa hawajawahi kufundishwa. Wengine walifundishwa wakasahau, kwa sababu aliyejifunza kusoma na asiwe na cha kusoma ni kama aliyefundishwa kuogelea kisha akahamishiwa jangwani. Mtu huyo hakukosa bidii.

Ngolo linafafanua jambo hili vizuri kuliko nadharia. Mashimo huufanyia upya udongo. Yasipochimbwa upya, mteremko hubaki uchi na mvua huuchukua udongo wote. Hakuna anayemlaumu mkulima mmoja kwa mmomonyoko wa mlima mzima. Usomaji ni hivyohivyo: hudumu kwa kufanywa upya, na kazi hiyo ni ya zamu.

7. Hitimisho

Hali ya leo ina matumaini na ina kejeli. Shule za msingi zimefika karibu kila kijiji cha milimani na cha ziwani. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umeonyesha kwamba vitabu vizuri vya Kiswahili vinaweza kuandikwa na kuchapwa nchini. Tangu mwaka 2023 Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inawatambua waandishi bunifu. Lakini mwandishi akishatuzwa, kitabu chake kitafikaje Liuli? Na kikifika nakala moja, je, itafungiwa kabatini ili isichafuke?

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wana kazi. Utafiti wetu wa fasihi umezoea kumchunguza mwandishi na matini. Msikilizaji wa matini, yule aliyesomewa, hajapewa nafasi yake. Bado wapo wazee wa Umatengo na wa mwambao wanaokumbuka nani alisoma barua za kijiji, vikundi vya redio vilikaa wapi, na neno gani la Kiswahili walilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kitabuni. Wao ni hati za kumbukumbu ambazo hazitasubiri. Tasnifu chache kuhusu jambo hili zitaifaa taaluma kuliko tasnifu nyingine nyingi kuhusu maudhui ya riwaya zilezile.

Na kwa upande wa vitendo, mbinu ya gharama nafuu kuliko zote ipo tayari, nayo haihitaji mradi: mtoto wa darasa la tano anayejua kusoma, kitabu kimoja, na watu wazima wanaoambua maharage jioni. Mtoto husoma, wakubwa humsahihisha maana, naye husahihisha matamshi yao. Bibi ambaye hakupata kuvuka mwaka 1975 anaweza kusikia hadithi nzima, na mtoto ambaye kesho angeacha shule anagundua kwamba anahitajiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na jicho moja, hata liwe kali kiasi gani, halimalizi kitabu cha kijiji.